Wasifu wa Baba, Akiwa Hai

Pale kwetu Sapiwi, mtu akifa, wakishapatikana wa kuchimba kaburi natafutwa mimi. Kuandika wasifu wa marehemu ni kazi yangu tangu nikiwa binti wa kuchuma pamba. Kuandika nakupenda kupita kiasi. Nikikosa karatasi naandika kwenye pakiti ya majani ya chai, na mume wangu ameshachoka kulalamika.

Lakini nikiri, wasifu wangu ulikuwa mmoja kwa watu wote. Marehemu wote walikuwa wapole, wacheshi, wapenda watu. Hata jirani yetu aliyegombana na kijiji kizima kwa ajili ya malisho nilimwandika mpenda amani. Pale makaburini watu waliinamisha vichwa kuficha kicheko.

Baba alikuwepo siku hiyo. Tuliporudi nyumbani akaniita.

"Mayu," alisema, maana nina jina la mama yake, na mama kwa Kisukuma ndiyo mayu, "mimi usije ukaniandika vile. Niandike sasa, nisikie mwenyewe."

Mama akasema huo ni uchuro, mtu hasomewi wasifu na huku bado anakula ugali. Baba hakumjali. Miguu ilikuwa imeshamvimba, hata kwenda zizini alikuwa anashikiliwa.

Nilikaa na kazi ile siku tatu. Lilikuwepo jambo moja ambalo nyumbani kwetu halizungumzwi. Nilipofaulu darasa la saba, baba alinikataza kwenda sekondari. Alisema kalamu haikamui ng'ombe. Nililia msimu mzima wa pamba, na hasira ile, nisiwadanganye, haijaisha mpaka leo. Nilikuwa naandika kwa mkaa kwenye ukuta wa ghala, yeye anapaka udongo, mimi naandika tena. Sasa nikiliruka jambo hilo, nimemwandika kama jirani. Nikiliweka, namvunjia heshima mzee mgonjwa.

Nililiweka. Nikamsomea asubuhi, nikaanza na mashamba aliyolima, ng'ombe wake, na sisi watoto wanane. Nilipofika penyewe nikasoma: "Binti yake alifaulu kwenda sekondari, yeye akamzuia." Mama akainuka, akaingia jikoni. Nikajua nimeharibu.

"Rudia hapo," alisema.

Nikarudia.

"Haijaisha. Ongeza: alikosea, na alijua kwamba amekosea siku ile ile alipomwona analia." Akainyooshea karatasi kidole. "Na siku yenyewe ikifika, usiruke."

Alifariki kabla pamba haijapasuka. Baba mdogo alipoiona karatasi alinivuta pembeni.

"Futa hayo. Unamwaibisha kaka yangu mbele ya wageni."

Nikamwambia hayo ni maneno ya marehemu mwenyewe, sina ruhusa ya kuyafuta. Hakuniaga, akaondoka zake.

Nikasoma mbele ya kaburi. Mashamba nikayamaliza, ng'ombe nikawamaliza, nikasoma na kule kuzuiwa kwangu. Nilipofika kwenye "alikosea" nikashindwa. Machozi yalikuwa yamejaa, maandishi siyaoni. Watu wakasubiri. Ndipo mama, ambaye hajui kusoma, na ambaye kumbe kule jikoni alisikia kila kitu, akasimama akaimalizia sentensi ya mumewe neno kwa neno.