Madame mwenye alitaka vita ndani ya hadithi ya mbuzi

Leo mutu ameniomba nitie maiti ndani ya hadithi ya watoto.

Munanijua: nafundisha shule ya msingi huku Ganshoren, kwa Wazungu, na tangu ujana wangu Bukavu naandikaka hadithi za kuchekesha watoto.

Bon. Asubuhi nimeenda kuonana na madame mumoja mwenye kuchapisha vitabu, karibu na barabara ya Chaussée d'Ixelles. Akasoma ile ya mbuzi mwenye alikula suruali ya directeur wa shule siku wakaguzi walikuja kwa inspection.

Alicheka! Alicheka mpaka akavua miwani, akapangusa machozi.

Nami nikajiambia: donc leo kitabu kimepatikana.

Kisha akafunga daftari yangu.

"Inachekesha, Monsieur. Lakini vita iko wapi? Hadithi ikitoka Bukavu, watu wa hapa wanangojea mateso. Huyu directeur hawezi kuuawa?"

Nikamuuliza: "Madame, si umecheka sasa hivi?"

"Mimi, ndiyo. Lakini wasomaji wetu…"

Nikachukua daftari yangu, nikatoka bila kugusa kahawa yake.

Nyinyi wenye tulisoma pamoja kule Bukavu, munijibu hapa chini: sisi hatukuwa tunacheka?