Chai Niliyompa Mama Nambozo Avuke Nayo Mpaka

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ambayo nikiikumbuka, mpaka leo natazama chini. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, mwingi wa maneno na mgumu wa kusikia. Sisi ni Wakisii, kama ujuavyo, lakini baba alikuwa amenunua shamba huku juu ya Kaplong na kupanda chai kama majirani zetu Wakipsigis. Alikuwa mzee wa kanisa la Sabato. Kwetu jua la Ijumaa likishazama, hakuna moto wa kazi unaowashwa hadi jua la Jumamosi nalo lizame.

Mimi nilikuwa na ujuzi uliokuwa umenivimbisha kichwa, nao ni kutengeneza chai ya kijani. Chai hii tunayokunywa na maziwa huachwa igeuke rangi kwanza, ndipo ikaushwe. Ya kijani haingoji. Ikichumwa asubuhi, mchana iwe tayari ndani ya karai la moto, ikaangwe, isuguliwe kwa viganja juu ya mkeka, kisha ikaushwe. Ukiichelewesha, hasa ikiwa imeshindiliwa guniani, inapata joto na kuwa nyekundu, na hapo imekwisha. Fundi mmoja wa kiwandani ndiye aliyenifundisha, lakini nilitembea kana kwamba nimeivumbua mimi.

Mteja wangu alikuwa Mama Nambozo, mjane kutoka Mbale, Uganda. Upande wa kwao kulikuwa na wageni Wachina waliokuja kufundisha kilimo cha mpunga, na hao chai ya maziwa hawakutaka hata kuiona. Sasa Uganda haina bandari. Chai ya kutoka China ilibidi ishukie Mombasa, ipande gari moshi, na ilifika baada ya miezi mingi, harufu yote imekwisha. Mama Nambozo akaona afadhali aitoe huku kwetu. Alizunguka ofisi baada ya ofisi mwaka mzima, mpaka akapewa leseni ya kuingiza chai, tena ya majaribio, mzigo mmoja tu. Mkebe wa sampuli niliyomtengenezea ulibaki kwa afisa wa mpakani, na mzigo ulipaswa kufanana nao. Usipofanana, leseni inachukuliwa. Haya yote alinieleza mwenyewe, ameketi jikoni kwa mama yangu akila viazi.

Masanduku yalikuwa matano. Kufikia Ijumaa hiyo nilikuwa nimejaza manne, na Mama Nambozo alikuwa anakuja Jumatatu. Asubuhi baba aliniambia, "Leo usichume. Jua itakushika." Nikamwitikia ndiyo, baba, halafu nikaenda kuwaita wachumaji. Saa nane mvua ikanyesha, kuni zikalowa, moto ukakataa. Jua lilipozama, magunia mawili yalikuwa bado yamefungwa. Kesho yake nilikwenda kanisani nikaimba kwa sauti kubwa.

Jumapili asubuhi nikayafungua. Majani yalikuwa ya moto mkononi, na kingo zake nyekundu. Njia ilikuwa wazi kabisa, mwanangu: kuyamwaga, kisha kumwambia yule mama kwamba masanduku ni manne, la tano limeniharibikia. Lakini fundi mzima kama mimi ningesemaje hivyo? Nikayakaanga. Nikayaweka chini ndani ya sanduku la tano, na juu yake nikafunika na chai nzuri niliyopunguza kwenye yale manne. Mama Nambozo alipokuja alinusa ile ya juu, akacheka, akanishika bega kama mtoto wake.

Wiki mbili baadaye alirudi mikono mitupu. Mimi na baba tulikuwa uani. Alikaa kwenye kigoda bila kupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Yule afisa alifungua sanduku moja, akaangalia juu, akasema iko sawa," alisema. "Alikuwa anataka kufunga. Ni mimi nilimwambia, hapana, mwaga yote mpaka chini uone. Huyu kijana namjua, hawezi kuniangusha."

Akakunja ncha ya kanga yake magotini.

"Wamechukua leseni. Na watu walikuwa wengi hapo, wanangoja kuvuka."

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Baba alinigeukia polepole.

"Hiyo chai ulikaanga lini?"

"Jumapili, baba."

"Kumbe Sabato uliogopa kuwasha moto. Kudanganya huyu mama, hukuogopa. Sasa wewe ulikuwa unaogopa nani?"

Nilipiga magoti mbele ya yule mama, naye akanisamehe pale pale, kwa sababu alikuwa mtu mwema. Nilitengeneza mzigo mwingine, safi kabisa, nikausindikiza mwenyewe hadi mpakani. Afisa hakuinua hata kifuniko, akaturudisha kwa kuwa leseni haikuwapo tena. Mama Nambozo alirudi kuuza ndizi sokoni Mbale, na leseni nyingine hakupata mpaka alipofariki.

Kwa hiyo nakwambia waziwazi. Kazi ikikuharibikia, sema wakati bado iko mikononi mwako. Utaona haya, utachekwa, na baada ya siku tatu watu watakuwa wamesahau. Usijifiche nyuma ya ibada ukidhani umemaliza wajibu wako kwa Mungu, ilhali binadamu mwenzako umemfungia uongo ndani ya sanduku. Na mtu akikuamini, kumbuka kwamba huenda saa hii amesimama mahali fulani anakutetea, nawe hujui.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe kazi nyingi na ulimi mwepesi wa kukiri kosa. Akujalie uzee usio na mtu ambaye ulimwaibisha kwa sababu alikupenda.