Nilivyorudishwa Getini Nikalie Upya

Leo nimetolewa msibani kwa kosa la kutolia.

Mume wa Mama Nafula amefariki. Mama Nafula ndiye mwenye nyumba wangu, na hapa Busia ni yeye pekee anayebisha mlango wangu nisipoonekana siku mbili. Nikimkosea huyo, nimebaki bila mtu.

Basi nikaenda kwao Bukhayo na kanzu yangu safi. Nikaingia kimya, kichwa chini. Kwetu Ujiji ndiyo adabu.

Bibi mmoja akanikazia macho. "Nani huyu anaingia matanga kama mwizi?"

"Ni mpangaji wangu, fundi wa nguo. Mtanzania," akasema Mama Nafula bila kuinua uso.

"Kwao watu hawakufangi?" bibi akauliza, kana kwamba kwetu hatufi.

Uwanja mzima ukanigeukia. Huku ukikosa kulia, wanaanza kujiuliza unajua nini kuhusu hicho kifo.

Shemeji yake Mama Nafula akaninong'oneza, "Boss, rudi kwa geti. Ingia ukilia."

Nikarudi, jamani, mtu mzima na ndevu zangu. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya mbuzi. Kuna aliyecheka.

Ndipo nikamkumbuka mama. Alizikwa Ujiji siku ileile aliyofariki, kabla sijapata hata tiketi. Siku hiyo nilishinda nikishona sare za shule.

Sijui nilifikaje uwanjani. Wanawake wanne walikuwa wamenishika, na yule bibi ananifuta uso kwa leso yake.

"Kumbe ulimpenda mzee hivi?" Mama Nafula akaniuliza.

Nikaitikia. Tulikuwa tumesalimiana mara mbili tu.

Ninyi mlio mbali na kwenu, wafu wenu mliwalilia wapi?