Mashahidi Wawili kwenye Mkeka Mmoja

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu, mwanangu, ni ile ambayo baba yangu aliacha bukari, ugali wetu, ipoe mbele yake. Baba hakuwa mtu wa kuacha chakula. Mzee Ramazani, mtu wa Kasongo aliyehamia Lubumbashi angali kijana, alikuwa akisema kwamba ugomvi husubiri lakini samaki wa moto hasubiri. Mchana ule wa Ijumaa alinawa mkono katikati ya kula, akanitazama, na mimi niliyekuwa nimejaa sifa nikalirudisha tonge sahanini.

Nikueleze kwanza nilikuwa najisifia nini.

Enzi hizo nchi ikiitwa Zaire, chama kilikuwa kimoja, na sisi sote tuliitwa citoyen na citoyenne, yaani raia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeajiriwa chuo kikuu, kwenye chumba chenye giza cha idara ya fizikia. Kazi yangu ilikuwa kutazama picha. Usicheke, mwanangu, nililipwa kwa kutazama, na mpaka leo sijaona kazi ngumu kuliko hiyo.

Huko Ulaya walikuwa na mashine ya kurusha chembe ndogo mno zipite ndani ya chombo kikubwa kilichojaa kimiminika. Kila chembe ilipopita iliacha mstari wa mapovu, na kamera ikaupiga picha kabla haujatawanyika. Filamu zilikuja kwa ndege ndani ya makopo bapa, nasi tukazimulika juu ya meza nyeupe na kuzipekua picha moja moja. Tulikuwa tukitafuta chembe iitwayo kaoni. Kaoni huingia, huishi kitambo ambacho hata ukope wako haujaanza kushuka, kisha huvunjika, na pale ilipovunjikia mstari hupinda au huchanua matawi. Nikiona mahali kama hapo, niliandika kwenye karatasi namba ya picha na umbo nililoliona.

Mara nyingi kaoni huvunjika kwa njia zinazojulikana. Mkuu wetu, Profesa Mulongo, alitafuta njia moja ambayo vitabu vilisema haiwezekani kabisa. Ikionekana hata mara moja tu, alituambia, maana yake iko nguvu nyingine duniani ambayo hakuna aliyewahi kuijua.

Siku yangu ya kwanza kazini alileta kioo cha kunyolea. Alinyoosha mkono wa kuume, na ndani ya kioo ukawa wa kushoto. Akasema wataalamu waliamini kwamba dunia ya kwenye kioo ingefuata sheria zilezile za dunia yetu. Kisha wakapima chembe zinazoruka kutoka kwenye kobalti, wakakuta zinapendelea upande mmoja; kumbe kioo na dunia havilingani. Kobalti, mwanangu! Metali ileile iliyokuwa ikitoka kwenye ardhi yetu pamoja na shaba, iliyopakiwa kwenye mabehewa ambayo sisi watoto wa mtaa wa Kamalondo tulikuwa tukiyapungia mikono.

Akaendelea kutuambia kwamba kila chembe ina pacha wake wa kinyume, na wakikutana hufutana, unabaki mwanga tu. Kama mapacha hao wangelingana kwa kila kitu, hapo mwanzo vyote vingefutana, kusingebaki nyota wala punje ya mchanga. Tupo kwa sababu mahali fulani ulinganifu uliteguka kidogo, na hakuna aliyejua vizuri uliteguka wapi. Nilipotoka nje nikaona moshi wa tanuri la shaba, mama mmoja amejitwika beseni la samaki, wanafunzi wanabishana juu ya mpira. Machozi yalinitoka. Nilistaajabu kwamba vyote vile vipo, wakati ingekuwa rahisi visiwepo.

Mwenzangu kazini aliitwa Kabange. Kwao, kwa Baluba, pacha wa kwanza ni Kyungu na wa pili ni Kabange, kwa hiyo habari ya mapacha ilimchekesha. "Mama yetu anasemaka, mapasa banafanana mpaka uwape chakula," alisema. Baba yake alikuwa amekufa akiwa mtu wa reli, na mshahara wa Kabange ndio uliomlisha mama yake na watoto watatu wa Kyungu, pacha wake.

Sasa sikia kosa letu. Kanuni ya chumba kile ilikuwa moja: kila filamu hutazamwa na watu wawili, mmoja asubuhi na mmoja mchana, bila kuoneshana karatasi. Sisi tuliiona kanuni hiyo kuwa ya watu wasioaminiana. Kidole kimoja hakivunji chawa, na Kabange alikuwa dada yangu kwa kila kitu isipokuwa tumbo. Tulivaliana vikwembe, vitenge vyetu, tukalia pamoja misibani. Ningemficha karatasi yangu kama mgeni? Halafu tulikuwa tumekulia katika miaka ambayo kukubaliana ndiko kulikoitwa kuipenda nchi. Uwanjani, kwenye sherehe za chama, tulicheza na kupiga makofi kwa pigo moja, na aliyepitwa na pigo aligeukiwa na macho yote.

Basi kila tulipopokezana meza tuliweka karatasi zetu mbili pamoja na kuzisawazisha. Alichoona yeye nami nikaandika, nilichoona mimi naye akaandika. Tulifanya hivyo miezi mitatu.

Siku moja yeye alikuwa na alama ambayo mimi sikuwa nayo, tawi fupi jembamba mwishoni mwa mstari.

"Ile iko mukwaruzo ya filme," nilimwambia.

"Miye niliona kintu, Zaina."

"Kama iliko kintu, juu ya nini miye sikuiona?"

Hebu lisikilize swali hilo, mwanangu, kwa nini mimi sikuiona, jinsi lilivyojaa kiburi. Kabange alinitazama kidogo, akachukua ufutio, akafuta. Niliona vizuri kwamba hakuridhika, nami nikajifanya sikuona.

Ijumaa ile Profesa alituita akatusifu. Karatasi zetu zilikubaliana ajabu, akasema, hajapata kuona macho ya namna ile, na wiki ijayo angepeleka hesabu zetu Ulaya ziingie kwenye taarifa ya pamoja, jina la Lubumbashi liandikwe pamoja na majina ya miji mikubwa. Nikakimbilia nyumbani kumwambia baba. Nikamwambia na siri ya ushindi wetu.

Ndipo aliponawa mkono.

Baba alifanya kazi ya sampuli kwenye kampuni ya shaba. Madini yalipotaka kupimwa alichukua sehemu ndogo, akaichanganya, akaigawa sawasawa katika vifuko viwili. Kifuko kimoja kilikwenda maabara hii, cha pili maabara nyingine, na wapimaji wa huku hawakuruhusiwa kuzungumza na wa kule. Hakujua kaoni ni nini. Lakini nilichokifanya alikielewa kabla sijamaliza kueleza.

"Mutoto yangu," alisema polepole, "bashahidi babili benye kukaa pa mukeka moya, beko shahidi moya. Mulimuibia ule professeur muntu mumoya, na yeye hajue."

"Baba, tulisaidiana tu."

"Mulisaidiana kufunga macho."

Mama alitaka kusema neno, baba akamwinulia mkono kwa upole. Akaniuliza kama kulikuwa na kitu mmoja wetu alikiona na mwingine akakikataa. Nikakumbuka ufutio. Jungu kuu halikosi ukoko, mwanangu. Mzee yule ambaye shule yake iliishia darasa la nne aliifikia kazi ya Profesa kwa njia ya vifuko vyake viwili.

Jumamosi, tulipokuwa kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, tukifyeka majani kandokando ya barabara, nilimwambia Kabange kwamba nitakwenda kusema. Jembe likamtulia mkononi.

"Weye baba yako eko na kazi," alisema. "Miye batoto ya Kyungu batakula nini? Kwako iko haya tu. Kwangu iko njaa."

Alisema kweli. Nilifikiri nitaje kosa langu peke yangu, lakini tulikuwa wawili tu chumbani mle, ningemficha wapi? Usiku wa Jumapili sikupata usingizi wa maana. Nilimwogopa Profesa, ila nilimwogopa zaidi Kabange, kwamba atanichukia na atakuwa na haki.

Jumatatu nilipofika, nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya idara, kikwembe chake kizuri kiunoni. Alikuwa amenitangulia. "Mama alisema mficha uchi hazai," aliniambia bila kunitazama. "Tuingie."

Profesa alitusikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali apige. Alikusanya karatasi zetu za miezi mitatu, akazifunga kwa kamba, akaziweka chini sakafuni. Kisha akasema, "Nitabaandikia bantu ya Ulaya kwamba hatuna hesabu." Taarifa ile ilitoka bila sisi. Jina la Lubumbashi halikuwemo. Aibu ile aliibeba yeye mbele ya wenzake, na hakututaja.

Hakutufukuza. Alitutenganisha: filamu zilezile, zote, upya, na marufuku kuzungumza habari ya kazi. Ila zile picha tulizowahi kubishania alimpa mtu mwingine azikague. Miezi ile ilikuwa mirefu. Tulikula pamoja, tukasukana, na kila mmoja akameza alichokiona mezani. Lakini nikuambie jambo la ajabu: nilianza kuona. Zamani nilitazama nikijua kuna wa kunikamilishia. Sasa kila mstari ulinitegemea mimi, na nilijikuta nasimamisha pumzi mbele ya chembe iliyozaliwa na kufa mbali, kabla hata sijajua kwamba ipo.

Kopo la kwanza lilipokamilika Profesa alituita, akazipanga karatasi mbili mezani. Zangu alama arobaini. Za Kabange thelathini na sita. Zilizolingana thelathini tu. Nikaona haya. Tulikuwa tumetofautiana vibaya! Nikamtazama Profesa, nikamkuta anatabasamu kama mtu aliyepokea barua ya mwanawe.

"Angalieni," alisema. "Katika zile thelathini na sita za Kabange, Zaina aliona thelathini. Yaani katika kila sita, macho ya Zaina inaona tano. Sasa, Zaina aliona arobaini. Kama arobaini iko tano katika kila sita, zote ni ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole. "Arobaini na nane."

"Na nyiye babili pamoja mulipata ngapi?"

Arobaini na sita.

Kabange ndiye aliyesema, kwa sauti ya kunong'ona: "Kuna mbili hakuna muntu aliona."

Mwanangu, nywele zilinisimama. Ndani ya kopo lile kulikuwa na kaoni mbili ambazo hakuna jicho lililoziona, lakini sisi tulijua zipo. Tulijua kwa sababu tu tulitofautiana kwa uaminifu. Miezi mitatu ya kukubaliana ilikuwa imetupokonya ujuzi huo; tulidhani tumeona vyote, kumbe hatukuwa na namna ya kujua tumekosa nini.

Yule aliyepewa picha tulizobishania alithibitisha kwamba ile alama iliyofutwa haikuwa mkwaruzo. Ilikuwa kaoni kweli, imevunjika kwa njia ya nadra, ingawa si ile iliyokatazwa. Hiyo iliyokatazwa hatukuipata kamwe. Tulipeleka sifuri yetu kwenye taarifa iliyofuata, safari hii pamoja na jina la mji wetu, na sifuri ile iliaminika kwa sababu tuliweza kusema ni vingapi vilivyotuponyoka. Nilimwomba Kabange radhi kwa lile swali langu la kiburi. Aliniambia alikwisha kunisamehe, ila ufutio atauweka yeye. Aliuweka mpaka alipokufa.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Mpende mwenzako, ule naye, umlilie. Lakini ukiitwa kushuhudia, kaa kwenye mkeka wako. Andika ulichokiona kabla hujamuuliza yeye ameona nini. Naye akiona ambacho hukukiona, usimpe ufutio. Watu wote wakipiga makofi kwa pigo moja, furahi nao, lakini usidhani kwamba ndiyo kweli imethibitika. Na ukikosea, sema mapema, hata kama watoto wa Kyungu wanangoja chakula, na hilo silisemi kwa wepesi.

Zile kaoni mbili nilizitafuta kwa muda wangu mwenyewe, mwezi mzima. Moja niliipata. Nyingine sikuipata mpaka leo, na nimezeeka nikijua ipo.

Mungu akupe macho yako mwenyewe, mwanangu, akupe na rafiki wa kuona usichokiona, na moyo wa kumsikiliza. Amina.