Nguo ya Kirusi Niliyosema Nimeichora Mie

Jamani, kosa ni langu na sitafuti wa kumbebesha. Shetani hakunishika mkono. Nilijiponza mwenyewe kwa mdomo wangu huu usiojua kukaa kimya.

Mie ni mshoni wa nguo za maharusi, Darsait, hapa Maskati. Miaka ya tisini ilikuwa inamalizikia, na kila bibi harusi anataka nguo ambayo haijavaliwa na mwengine. Na mie kila nguo niliyoiona kwa watu nikisema nimeibuni mwenyewe. Hodari wa uongo, wallahi!

Shangazi yangu, ndiye aliyenilea, alikuwa na picha moja ya rangi za maji. Marehemu mumewe alisoma Moscow, akapewa zawadi na mchoraji wa Kirusi: mchoro wa nguo ya kuvaliwa kwenye opera, ule mchezo ambao mtu hata akitaka maji ya kunywa anaimba. Nguo nyekundu, nyota za dhahabu, mikono inafagia chini, na kofia ya pembe tatu yenye njuga. Mie nikaona taji! Pembeni pana maandishi ya kalamu ya risasi, Kirusi kitupu.

"Shangazi, niazime nikatoe kopi tu."

"Chukua, lakini leo leo nnaitaka. Na usiishike kwa mkono wa maji."

Kopi gani! Nikenda moja kwa moja Al Khuwair, kwa mama mmoja anayemwoza binti yake. Wanawake wamejaa majlis, chumba cha wageni. Nikaisimamisha picha kifuani.

"Hii nimemchorea bibi harusi wetu. Wiki nzima sikupata usingizi!"

"Na haya maandishi?" akauliza wifi yake mwenye nyumba, daktari.

"Vipimo vyangu vya kifundi hivyo."

"Ahaa," akasema. Ile "ahaa" lau ningeisikiliza, ningeokoka.

Halua ikaliwa, kahawa ikanywewa. Mnajua kwetu mgeni haondoki bila ya udi na marashi. Mwenye nyumba akapita na mrashi, kile kichupa cha marashi, anatunyunyizia vichwani mmoja mmoja. Mwenye akili zake angeificha karatasi. Mie ndo kwanza nimeinyanyua juu, na walokaa nyuma waione! Marashi yakaipata barabara. Nyekundu ikachuruzika, dhahabu ikaifuata. Kwa kiherehere changu nikaipangusa kwa ncha ya mtandio, nikamaliza na kilichobaki.

Daktari akaninyang'anya taratibu. Kumbe udaktari kasomea Urusi! Maandishi ya risasi yalikuwa mazima, akayasoma kwa sauti: "Mchekeshaji wa mfalme. Mwanamume, mnene. Tumbo litiwe mto." Akanitazama. "Kirusi chako kizuri, fundi."

Yarabi, walivyocheka! Mwenye nyumba tu hakucheka. "Mwanangu ndo ulitaka kumvisha hivi mbele ya wakwe zake?" Nilitoka mbio hata viatu nilivyovaa si vyangu.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wakubwa. Yangu yalionekana Maskati nzima.

Mngedhani nimekoma. Nilipofika kwa shangazi nikamwambia mvua imeilowesha. Mvua! Maskati, mwezi wa sita, kunguru mwenyewe anatafuta kivuli!

Hakunipigia kelele. Aliiweka mapajani, akaitazama, akaitazama.

"Mume wangu alikuwa akimuigiza huyu," akasema. "Anajifunga mto tumboni, anarukaruka chumba kizima. Tangu afe, hii ndiyo iliyokuwa ikinichekesha. Ungenambia umeiharibu ningelia, kisha nikakusamehe. Lakini mvua, mwanangu?"

Kumbe akijua siku zote ni nguo ya nani! Ningemuuliza tu, angenambia. Lakini mie nimuulize mtu, na ujuzi wote ninao mie?

Kicheko cha Al Khuwair kilikwisha, watu wakapata mwengine wa kumcheka. Shangazi yangu ndiye aliyeniuma. Mpaka leo nikibisha hodi ananikaribisha majlis, ananimiminia kahawa kwenye vikombe vya wageni, na nikiondoka ananishukuru kwa kuja kumtazama.

Natamani anitukane! Basi nanyi mnaojipamba kwa kazi za watu, mkiharibu semeni kweli hapo hapo, maadamu mtu wenu bado ana hamu ya kukugombezeni.