Mama wa Omena Asiyesimama

Kituo cha kompyuta pale Migori kilitaka mwalimu mmoja wa kufundisha watoto wanaoanza kabisa. Duka la simu nililofanyia kazi Mbita lilikuwa limefungwa, na sikuwa na mahali pengine pa kujaribu. Kila aliyeitwa alitakiwa kuja na mchezo mdogo aliouunda mwenyewe. Wangu ulikuwa na mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, karai kichwani, akitembea juu ya ubao kutoka ufuoni hadi kwenye boti.

Waliotuhoji ni wawili: mkuu wa kituo, mzee mwenye vidole vinene, na mhasibu wake, mwanamke mcheshi.

"Nyar Mbita," mzee aliniita, yaani binti wa Mbita, "nifanye nini hapa?"

"Shikilia mshale wa kulia, mzee. Ukishikilia anatembea, ukiachilia anasimama."

Ndivyo nilivyokuwa nimeandika. Kitufe kikishuka, mchezo ukumbuke kwamba kimeshikwa, kikiinuka, usahau.

Akashikilia. Mama akaanza kutembea. Hapo hapo stima zikapotea, na kwa kuwa betri ya laptopu yangu ilikuwa imechoka, onyo likaruka katikati ya kioo. Mzee akashtuka, akainua kidole. Mama hakusimama. Alipita ubao, akapita boti, akazama na karai lake.

"Huyu hana breki!"

"Amesikia kuna boti ingine imeleta samaki," mhasibu akadakia.

Walicheka kidogo tu. Mzee alikuwa ameshachukua karatasi ya anayefuata.

"Nipe nafasi, mzee. Nimeona shida iko wapi."

"Betri yako inakufa."

"Ndiyo maana naomba sasa."

Onyo lilipotokea, kibodi iliacha kuusemesha mchezo, ikawa inalisemesha onyo. Habari ya kidole kuinuka ilienda huko. Mchezo uliendelea kuamini kwamba mshale umeshikwa. Nikaongeza agizo moja: dirisha la mchezo likiachwa, sahau vitufe vyote. Nilikosea herufi, nikafuta, nikaandika tena, kioo kikizidi kufifia.

"Shikilia tena."

Mama akatembea. Nikafungua dirisha lingine pembeni. Akasimama katikati ya ubao, maji huku na huku.

Mzee hakusifu. "Na tukirudi kwa mchezo kama sijainua kidole, ataenda?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Mhasibu alikuwa ananitazama usoni, si kwenye kioo. Ningeweza kubahatisha.

"Sijui," nilisema. "Usiinue. Turudi tuone."

Nikabofya dirisha la mchezo. Kioo kikawa cheusi.

Nje ya mlango nilisikia wenzangu wakisogeza miguu, wakingoja zamu.

"Darasa linaanza Jumatatu," mhasibu alisema. "Hao watoto watakuuliza maneno kama hayo. Kuja na hiyo jibu."

"Jumatatu gani?" mzee akasema, kidole kingali juu ya mshale. "Washeni jenereta. Mimi nataka kujua leo."