Makokha Alimshinda Nani?

Kadi ya kliniki ya mwanangu ilikuwa inanuka dawa ya kuchua, ile ya mabondia, inayochoma pua mpaka machozi yatoke. Mume wangu alikuwa ameenda nayo mfukoni sosho hall, ukumbi wa ndondi mtaani, akarudi nayo Jumapili asubuhi, na kwenye mstari wa jina palikuwa na kalamu mbili. Ya nesi ilikuwa imeandika Makokha, jina la babu yangu. Ya mume wangu ilikuwa imemkata Makokha na kuandika jina la bondia wa uzani mzito aliyemwangusha bingwa usiku wa kuamkia siku hiyo, pambano ambalo hakuna aliyetarajia liishe vile.

"Jina la mshindi," akaniambia, anacheka.

Redioni walikuwa bado wanalinganisha rekodi za wale wawili, nani kashinda mara ngapi, nani kapigwa na nani. Nilichomoa betri, nikazitupa kwenye matope, nikamfunga mtoto mgongoni. Msidhani nilikasirikia wino. Harufu ile naijua tangu nikiwa na miaka sita.

Tulikuwa tunakaa Mashimoni, Kibera, chumba kimoja kilichojaa vumbi la mbao kwa sababu Baba alikuwa seremala wa vitanda. Ndugu yangu alipozaliwa alilia siku tatu. Kwetu mtoto akilia hivyo, husemwa anadai jina. Unamtajia marehemu wa ukoo, mmoja mmoja, na atakayemnyamazisha ndiye huyo. Mama akamtajia baba yake mzazi, Makokha. Mtoto akanyamaza, akashika ziwa. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu.

Baba akakataa. "Makokha alimshinda nani? Alipikia mzungu uji mpaka akafa."

Jioni hiyo redio ya jirani ikatangaza kwamba Tingatinga, bondia wetu wa Kibera, ameshinda tena. Mtoto akapiga chafya. "Mmesikia?" Baba akaruka. "Ameitika!" Basi akawa Tingatinga, kitoto chenye shingo kama ya kifaranga. Mama hakubishana. Alimwita Makokha wakati wa kumnyonyesha, polepole, mdomo ukiwa karibu na sikio lake.

Baba Mdogo, mdogo wake Baba, alikaa Kabiro, kule Kawangware, na bondia wa kwao aliitwa Saruji. Saruji alikuwa amepigwa mara nne, na Baba hakumwacha ndugu yake anywe chai kwa amani. "Saruji gani hiyo haijawahi kukauka?" Siku moja Baba Mdogo akachoka. "Sawa. Saruji akimwangusha huyo wako, huyu mtoto tunamwita Saruji." Baba akampa mkono mbele ya majirani, kwa kuwa ni nani angeweza kumwangusha Tingatinga?

Nilikuwa nimetimiza miaka tisa, ndugu yangu mitatu, Saruji alipomlaza Tingatinga katika raundi ya pili. Baba alirudi nyumbani mikono ikinuka ile dawa, maana ndiye aliyekuwa akimchua Tingatinga, na hakula. Asubuhi Baba Mdogo akafika, akapiga kelele mlangoni, "Imekauka, kaka! Na tingatinga lenu limekwama ndani!"

Hapo ndipo rekodi zikatolewa. Baba aliegemeza ukutani ubao mpana wa saiprasi aliokuwa ameupiga randa kwa ajili ya kitanda cha ndugu yangu, akanipa penseli yake bapa kwa kuwa hati yangu ilikuwa safi. Nikachora mstari katikati. Huku Tingatinga, huku Saruji. Ushindi, kushindwa, nokauti, waliopigwa walikuwa wakali au walikuwa magunia tu. Walibishana mpaka adhuhuri.

"Angalia mwenyewe," Baba akasema. "Rekodi haidanganyi."

"Rekodi hairushi ngumi, kaka."

Mama akaweka sufuria ya chai chini. "Na mtoto ataitwa nani?"

"Ngoja kwanza tumalize," wakamjibu wote wawili kwa pamoja. Ndilo jambo pekee walilokubaliana siku hiyo.

Hawakumaliza. Kibera mtoto akabaki Tingatinga, Kawangware akawa Saruji. Ubao ukapigwa misumari, ukawa kitanda, na mtoto akalala juu ya hesabu zangu. Mimi niliona ni mchezo. Majirani wa ploti yetu walimwita jina moja wakacheka, wakamwita la pili wakacheka zaidi, naye akawa anatazama chini.

Likizo ya Agosti Baba Mdogo akamchukua akakae kwake Kabiro. Siku ya pili, Baba Mdogo akiwa naye kwa kinyozi, anasimulia lile pambano ngumi kwa ngumi, mtoto akatoka nje asionekane tena. Habari zikatufikia Mashimoni mchana. Tukaenda mbio, Baba mbele, Mama na mimi nyuma.

Nisikilizeni hapa. Baba alipita katikati ya Kawangware, mtaa wa Saruji, akipaza sauti, "Tingatinga! Tingatinga!" Watu walitoka milangoni kumzomea. "Mzee, huyo alilala! Nenda ukamwamshe kwenu Kibera!" Upande wa pili Baba Mdogo aliita, "Saruji! Saruji!" na vijana wakamwitikia kwa ngumi hewani, "Juuu!" Saa nzima ndugu wawili walilia wakimtafuta mtoto, na mtaa mzima ukaona ni mashabiki wawili walevi. Hakuna aliyejua kuna mtoto amepotea.

Mama akavua viatu. Akasimama kwenye kioski cha maji, akaita kwa sauti ambayo sikuwahi kujua anayo, "Makokha! Makokha wangu!" Wanawake wakaweka mitungi chini. "Mama, umepoteza nani?" "Mtoto." Basi tu. Wakatawanyika kumtafuta.

Alikuwa kwa mama mmoja mfua nguo, nyuma ya beseni, amelowa. "Nimemuuliza jina toka asubuhi," yule mama akasema, "hataki kusema. Nilifikiri ni bubu." Mama akaita tena kutoka mlangoni. Mtoto akainua kichwa, akasema, "Eeh."

Mngefikiri tulijifunza. Njiani kurudi, Baba Mdogo alisema angalau Kawangware imemtunza, na Baba akamjibu kwamba Kibera hawapotezi watoto, wakaanza upya. Shuleni aliandikishwa Tingatinga. Darasa la kwanza alichapwa karibu kila asubuhi kwa kutoitika jina. Mwalimu alisema ni kiburi, Baba akasema ni masikio. Nami nikasema hivyo hivyo, Mungu anisamehe.

Alikuwa anasikia vizuri sana. Nilikuja kuelewa nikiwa nimeshazaa. Alikuwa anangoja kujua kama ni yeye anayeitwa au ni mtu mwingine. Na mistari ile aliyolalia niliichora mimi, kwa hati safi, nikasifiwa.

Ndiyo maana Jumatatu nilikuwa kwa chifu kabla mlango haujafunguliwa. Karani akasoma karatasi yangu, akacheka. "Mama Makokha, haya si mambo ya nyumbani?" Nikamwambia gonga muhuri. Akagonga. Niliandika hivi:

"Mimi Nekesa, mama mzazi, nalalamika kwamba jina la mwanangu limekatwa kwenye kadi ya kliniki bila mimi kuulizwa, likawekwa la bondia. Naomba lirudishwe, na baba yake aitwe hapa aambiwe mbele ya watu. Mtoto anaitwa Makokha. Ana miezi mitano. Hajapigana na mtu."